Mrejesho: uwanja wetu wa Katuba, Lubumbashi

Ndugu zangu, niliomba ushauri hapa kuhusu uwanja wetu wa Katuba, tunapochezea mpira, tunapokaa kilio na mama zetu wanapoanikia mihogo. Mtu mmoja alikuja na sertifika (hati ya kiwanja) akaanza kujenga ukuta.

Mlioniambia tukimbilie tribinali (mahakama) mapema, Mungu awabariki. Kwa sheria ya ardhi ya Kongo ya 1973 ardhi yote ni mali ya Serikali, kwa hiyo kusema "wazee walituachia" hakutoshi. Na sertifika ikimaliza miaka 2 bila kupingwa, haipingiki tena. Unabaki kudai fidia tu. Yake haijafika huko.

Mzee wa avenyu yetu alitoa ramani ya zamani ya mtaa, imechakaa hadi mikunjo imetoboka, lakini uwanja unaonekana wazi, hauna namba ya kiwanja. Nakala iko kwa wakili. Ukuta umesimama kimo cha goti. Vijana, nawasihi msiuguse: tofali moja likivunjwa, sisi ndio tutageuzwa washitakiwa.

Hukumu bado. Mwenye picha za zamani za uwanja anitumie kabla ya kikao kijacho, hasa zinazoonyesha magoli.