Mwandishi wa vitabu vya Moses alikuwa mtu wa wapi?

Mama wa Ujiji:
Mwanangu anasoma kidato cha pili katika shule ya bweni mjini Tabora. Safari hii ameshuka kwenye treni ya likizo akiwa na kitabu chakavu kisicho na jalada, kimojawapo cha vile vya hadithi za Moses, mvulana wa shule ya bweni, vilivyoandikwa na Barbara Kimenye, ambavyo hata mimi nilivisoma nikiwa na umri kama wake. Kitabu cha Kiingereza huwa hakigusi mpaka afokewe, lakini hiki amekimaliza kwa siku mbili, na sasa ananiuliza maswali yanayonishinda. Je, mwandishi alikuwa Mganda, Mkenya au mtu wa Bukoba? Nina wasiwasi pia, kwa sababu Moses ni mtundu kupindukia, na mtoto anayelala bwenini hahitaji kufundishwa utundu.

Mwalimu mstaafu, Tabora:
Mama, jina la Kimenye ni la Bukoba kweli, ila mwenyewe hakuzaliwa huko. Alizaliwa Uingereza mwaka 1929, akasomea uuguzi London, na huko ndiko alikokutana na mumewe, mtoto wa chifu wa Bukoba. Katika miaka ya 1950 waliishi kando ya Ziwa Victoria, na ndoa ilipovunjika akahamia Kampala, ambako alifanya kazi katika serikali ya Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, na kuandikia magazeti. Mwaka 1965 kilitoka kitabu chake Kalasanda, chenye visa vya kijiji kimoja cha Buganda, ambacho hakikulenga watoto. Akahamia Nairobi akiwa bado mwandishi wa habari, na vitabu vya Moses vikaanza kutoka mwishoni mwa miaka hiyo ya 1960. Kwa jumla aliandika zaidi ya vitabu 50, na mauzo yake yalipita nakala milioni moja. Aliishi London, Uganda na Nairobi kwa vipindi tofauti hadi alipofariki mwaka 2012. Wanafunzi wangu walipouliza kama wako, niliwajibu kwamba ni mwandishi wa Afrika Mashariki, basi.

Kuhusu utundu, naomba nitofautiane nawe. Nimelea wavulana wa bweni kwa miaka mingi, na sijaona aliyejifunza kutoroka kwa kusoma kitabu. Wanaotoroka hufundishwa na njaa na wenzao wa kidato cha juu. Shule ya Mukibi anakosoma Moses ni ya wavulana walioshindikana kwingine, na kicheko cha mwandishi huwaangukia wakubwa wanaoiendesha sawasawa na wavulana wenyewe. Nadhani hapo ndipo alipowapata wasomaji. Alipoanza, sehemu kubwa ya vitabu vya shule vilivyofika huku vilisimulia watoto wa Ulaya wenye theluji na mabibi walezi, na hata vile vya Kiafrika vilikuwa na haraka ya kutoa funzo. Yeye alimwacha Moses apange jambo, liharibike, kisha ahangaike kujinasua, bila kusimamisha hadithi ili kumhubiria msomaji.

Muuza vitabu, Kigoma:
Niongeze la dukani. Mteja huulizia “Moses”, si jina la mwandishi, na kwa kuwa kila kitabu kina kisa chake, anaweza kuanza na chochote atakachokikuta. Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili na kukutana ghafla na Kiingereza kidato cha kwanza huviweza, kwa sababu mazungumzo ni mengi na kisa hakikawii. Dosari yangu ni moja: kwa kuwa shule ile ni ya wavulana, wasichana ni wachache mno humo, na binti yangu alikirudisha kitabu rafuni kabla hajafika katikati.

Mama wa Ujiji:
Shikamoo Mwalimu, na asanteni nyote. Kumbe niliogopa bure. Mwanangu anasema kilichomchekesha zaidi ni kukuta mvulana anayeitwa Rukia, jina la shangazi yake. Muuza vitabu, nitapita Jumamosi, maana anataka kingine cha kusoma njiani atakaporudi Tabora.