Nesi wa kwenye video kwa mgonjwa wa kiharusi, inatosha?

Mleta mada: Wakuu, baba alipata kiharusi, mkono wa kulia haushiki kabisa, tuko kijijini Tunduru na nesi anatupigia video WhatsApp kila Jumatano, inatosha kweli?

Mdau 1: Inasaidia sana ila nunueni mashine ya presha, pimeni asubuhi na jioni mwandike kwenye daftari. Mama yangu alikuwa anakohoa kila akinywa chai, nesi akaona kwenye simu akatutuma akapimwe kumeza, na akasema anywe akiwa amekaa wima, kidogo kidogo, asilale hapo hapo.

Mdau 2: Akiwa amelala mgeuzeni kila masaa mawili asipate vidonda vya kulalia, nesi aonyeshwe visigino na makalio. Msimnyanyue kwa kuvuta ule mkono uliolegea jamani, bega linaumia! Mdomo ukipinda tena msisubiri Jumatano, kimbieni hospitali.

Mleta mada: Asanteni, kukohoa anakohoa kweli, nampigia nesi sasa hivi.