Mrejesho: Posho ya kilomita haikutosha gharama za gari langu

Ndugu zangu, niliuliza kama shilingi 400 kwa kilomita, ninazolipwa na mwajiri ninapotumia gari langu kwa safari za kikazi kati ya Morogoro na Dodoma, zinatosha. Nawashukuru kwa dhati mlionishauri nisihesabu petroli peke yake.

Petroli ndiyo iliyokuwa imenipoteza. Kwa shilingi 2,900 kwa lita, bei niliyokuwa nikinunulia, na gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita, kila kilomita ilikula shilingi 290, hivyo niliamini kwamba shilingi 110 zinazobaki ni faida yangu. Nilipofungua daftari la matengenezo, niliona kwamba oili na filta huchukua shilingi 36 kwa kilomita, matairi 20, na bushi, shokapu na breki 30. Kisha kuna kushuka kwa thamani: gari nililonunua kwa milioni 18 sasa, baada ya kilomita 60,000, linapata mnunuzi wa milioni 13.5, yaani shilingi 75 kwa kila kilomita. Bima sikuihesabu, kwa kuwa ningeilipa hata gari likilala nyumbani.

Jumla ni shilingi 451. Kwa safari ya kwenda na kurudi, takriban kilomita 520, nilikuwa nikitoa mfukoni shilingi 26,520, na jambo hilo liliniuma sana.

Mhasibu amekubali shilingi 460, zitakazopitiwa upya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inapotangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi.