Rivolva ya .22 ya mtumba chini ya dola 250, niangalie nini?

MtuWaColumbus
Wakuu habari za wikiendi. Niko Ohio mwaka wa nne sasa, grini kadi ninayo, na kuna mzee nafanya naye kazi kwenye ghala amenipeleka renji (uwanja wa shabaha) kama mara tatu tukapiga .22 yake, bunduki ya risasi ndogo, aisee nimenogewa. Nataka yangu sasa, rivolva sio otomatiki, napenda kuona risasi ziko wapi. Bajeti dola 250 na kodi humo humo. Nimezunguka maduka mawili na duka la rehani nikaona hizi: H&R 929 dola 220, rangi imechubuka ila inaonekana ngumu. Heritage Rough Rider yenye silinda mbili, dola 140. Halafu kuna kadude kadogo ka Kijerumani ka zamani, kanang'aa kama sufuria ya bi harusi, dola 90, muuzaji mwenyewe hajui spea zake zinapatikana wapi. Mke wangu anataka hako kanakong'aa. Nisaidieni nisije nikanunua chuma cha kuzuia mlango.

FundiSilinda
Mkuu, mwambie shemeji kung'aa hakupigi risasi. Rangi iliyochubuka ndo inakushushia bei, shukuru Mungu.

Ukifika dukani kwanza hakikisha haina kitu, angalia tundu zote za silinda zinapokaa risasi, angalia tena. Kisha omba ruhusa ya muuzaji kabla hujaikoki maana hizi .22 zinagongwa pembeni mwa ganda, ukifyatua tupu ile pini inagonga ukingo wa tundu na kuacha kovu, na kovu likikua ganda haliingii vizuri na halitoki. Kwa hiyo chukua tochi uangalie ukingo wa kila tundu. Mimi natembea na plagi zile za plastiki za kushikia skrubu ukutani, za njano namba 4, zinaingia kwenye tundu za .22 kama zimetengenezewa, pini inagonga plastiki badala ya chuma. Wazungu wa renji ndo walinifundisha.

Sasa kazi yenyewe: weka kidole kwenye silinda uizuie kidogo tu, halafu koki nyundo taratibu. Silinda inatakiwa ijifunge KABLA nyundo haijafika mwisho. Fanya hivyo tundu zote, sio mbili tatu, 929 ina tundu tisa na ugonjwa unaweza kuwa kwenye moja tu. Isipojifunga maana yake risasi haikai sawa na mtutu, inakwaruza ikipita na kutema vipande vya risasi pembeni, anayesimama jirani yako renji atakuambia. Nyundo ikiwa juu, isukume mbele kwa dole gumba bila kugusa triga, ikianguka rudisha kwenye kabati uage. Nafasi kati ya silinda na mtutu pima kwa filageji, ile ile fundi gari anapimia tapeti, inchi 0.004 mpaka 0.008 sina neno nayo.

Kale ka Kijerumani sikajui, ila hizo ndogo za bei chee nyingi ni madini ya zinki. Nilishawahi kununua moja ya hivyo dola 70, boksi la pili tu silinda ikaanza kucheza kama jino la mtoto, na hakuna fundi aliyekubali kuishika.

Juma_Houston
Rough Rider nayo fremu yake si aloi ya zinki? Mbona hiyo husemi?

FundiSilinda
Ni kweli kaka, fremu ni zinki, silinda na mtutu ni chuma. Ila bado inatengenezwa leo, spea zipo, kiwanda kipo. H&R ya zamani kiwanda kilifungwa 1986, spea unaokoteza kwenye zilizobomolewa. Ndo maana 929 nasema ukague mara mbili, maana ikiwa nzima ni chombo kizuri kuliko bei yake, na ikiwa mbovu umenunua spea za mwenzio.

NjeriWaDallas
Mimi nitaongea ya karatasi kwa sababu watu wetu huteleza hapo. Dukani utajaza fomu 4473, ile ya serikali ya kununua bunduki, wanapiga simu au wanatuma kwa FBI wakague rekodi yako, jibu linarudi endelea, subiri ama umekataliwa. Andika jina vile liko kwa grini kadi, namba yako ya uhamiaji pia inaulizwa. Lazima uwe umefika miaka 21. Wenye viza ya kusoma au ya kutembea kwa kawaida hawaruhusiwi, kuna wachache tu, kama mwenye laiseni halali ya uwindaji. Na tafadhali usikubali kumnunulia binamu ambaye hawezi kujinunulia, hiyo ni jela, sio msaada wa familia.

Mko na watoto? Tenga dola 30 ya kisanduku cha kufuli kwa hiyo bajeti yako.

MtuWaColumbus
Mmoja, ana miaka mitatu, kila droo anaijua. Kisanduku nimeongeza. Swali jingine, ile silinda ya pili ya Rough Rider imeandikwa Magnum, si naweza kupiga .22 yoyote humo?

FundiSilinda
HAPANA. Ganda la .22 Magnum ni pana kuliko la .22 LR, ile ya kawaida, kwa hiyo LR itaingia kwenye silinda ya Magnum lakini italegea, ukipiga ganda linavimba na linaweza kupasuka. LR kwa silinda ya LR, Magnum kwa yake. Na Magnum ni ghali, kwa mazoezi achana nayo.

Halafu ukikutana na Ruger Single-Six imechoka rangi kwa bei ya kuongeleka, kopa. Ila ikiwa ya kabla ya 1973, yenye skrubu tatu ubavuni, weka risasi tano tu na nyundo ikae juu ya tundu tupu, mpaka uipeleke kiwandani, Ruger wenyewe wanabadilisha vyuma vya ndani bure.

Juma_Houston
"Kopa" hahaha. Fundi unaharibu ndoa za watu.

MtuWaColumbus
Mrejesho wakuu. Jumamosi nimeenda na tochi na zile plagi za njano, muuzaji akacheka, akasema hatimaye mteja anayejua. 929 tundu saba safi, ya nane na ya tisa silinda haijifungi mpaka uisaidie kwa kidole. Akashusha mpaka 170, nikakumbuka habari ya spea, nikaiacha kwa uchungu. Rough Rider imepita vyote, ina mikwaruzo tu. Nimelipa 125, fomu nimejaza, jibu limekuja "subiri", kwa hiyo bado iko dukani.

Shida ni kwamba mke wangu kwa furaha kapita dukani kanunua risasi, boksi tatu, zote Magnum.