Tupeane uzoefu: Ulipolijaribu gari la kifahari la umeme kabla ya kulinunua, uligundua nini?

Mwanzisha mada, Nairobi

Ndugu wanajamvi, nimekuwa nikiweka akiba kwa ajili ya gari kubwa la umeme, la Kijerumani, lililotumika miaka mitatu Uingereza na ambalo sasa linauzwa katika yadi moja ya hapa Nairobi. Jumamosi iliyopita nilipewa nafasi ya kuliendesha. Muuzaji alinikalisha kwenye usukani pale Westlands, tukapanda Nairobi Expressway hadi Mlolongo, tukageuza na kurudi, yaani kilomita 27 kwenda na 27 kurudi, kwenye barabara isiyo na tuta wala shimo na ambayo mwendo wake hauruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa. Nilipokanyaga mafuta (naona bado tunasema mafuta hata pale ambapo hakuna tone la petroli) mgongo wangu uligandamana na kiti, nami nikashuka nikiwa nimeshakubali bei moyoni.

Usiku nikajiuliza nimejifunza nini ambacho sikukijua kabla ya kutoka nyumbani. Kwamba gari la umeme halina kelele nilijua, na kwamba linaondoka kama mshale nilijua pia. Jambo pekee nililoliona kwa macho yangu ni kwamba tulipokuwa tukielekea Mlolongo betri ilishuka kwa asilimia 5, na tuliporudi ikashuka kwa asilimia 8, ingawa njia ni ileile. Muuzaji aliniambia ni foleni, lakini foleni haikuwepo.

Sihitaji kutajiwa gari lililo bora kuliko mengine. Ninachoomba ni kwamba aliyewahi kulijaribu gari la namna hii kabla ya kutoa fedha zake atueleze aligundua nini siku ile, au ni kitu gani alikigundua baadaye ambacho angeweza kukigundua siku ile kama angejua pa kutazama.

Fundi wa magari, Mombasa

Bwana wangu, hiyo tofauti ya asilimia 3 ni mlima tu. Mlolongo iko chini kuliko Westlands, na magari hayo ni mazito, mengi yakikaribia tani mbili na nusu kwa sababu ya betri. Piga hesabu ya safari ya kutoka huku kwetu baharini mpaka Nairobi, ambako unapanda kiasi cha mita 1,700: kulinyanyua tu gari la tani 2.4 hadi kimo hicho, kabla hujahesabu upepo na msuguano wa tairi, kunahitaji takriban kilowati-saa 11. Ukiwa unashuka kuja Mombasa, sehemu kubwa ya umeme huo unarudishiwa. Kwa hiyo masafa anayokusomea muuzaji hayakusaidii mpaka ujue unaelekea upande gani wa mlima.

Hata hivyo, kilichonifanya niandike ni jambo jingine. Huwa naitwa na wanunuzi niwasindikize, na kwangu mimi gari la umeme halijajaribiwa mpaka lichajiwe mbele ya mnunuzi. Kuna mteja niliyekwenda naye kuliangalia gari la fedha nyingi, tukaliendesha kutoka Nyali hadi Mtwapa na kurudi, na hakuna kilichogonga wala kulia. Mteja alikuwa ameshaanza kuulizia karatasi za umiliki. Nikamwomba tupitie hoteli moja yenye chaja ya ukutani. Gari likakubali waya, taa ya kijani ikawaka, na baada ya dakika nne chaja ikajikata. Tukachomoa na kuchomeka tena, mara tatu, na mara zote ikajikata. Nilipomulika ndani ya tundu la kuchajia nikaona pini moja imebadilika rangi ikawa kama jino la mla tambuu, dalili kwamba imekuwa ikipata moto kwa muda mrefu. Muuzaji aliapa kwamba hajapata kuiona, na huenda alisema kweli, kwa maana katika kuliendesha tu hakuna siku ambayo angeiona.

Tazama pia aina ya tundu lenyewe. Gari la soko la Ulaya kwa kawaida huja na CCS2, la soko la China huja na GB/T, na mengi ya soko la Japani huja na CHAdeMO, kwa hiyo uliza chaja za mji wako zina mdomo gani kabla hujauliza rangi ya viti. Kisha mwambie fundi wako aje na kifaa cha kusoma afya ya betri kubwa, seli kwa seli, wala asiidharau ile betri ndogo ya volti 12, kwa sababu ikifa hiyo, gari zima linakuwa sanduku lililofungwa hata kama betri kubwa imejaa.

Mchangiaji kutoka Muscat

Assalaam aleikum. Sisi tulikwenda kulijaribu gari mwezi wa Julai, saa nane mchana, na tulichagua saa hiyo makusudi. Magari haya yana uwezo wa kupozwa kwa simu kabla hujaingia, na wauzaji wanaujua ujanja huo, basi nilimwomba kijana aliache gari juani kwa saa moja bila kulipoza. Joto la nje lilikuwa nyuzi 44. Tulipoingia, kiyoyozi kilifanya kazi yake vizuri kuliko nilivyotarajia, lakini paa lote lilikuwa la kioo na halikuwa na pazia, na baada ya dakika ishirini, ijapokuwa hewa ilikuwa baridi miguuni, utosi wangu ulikuwa kama uko karibu na jiko.

Aliyeamua suala letu, hata hivyo, ni mama yangu. Ana umri wa miaka 74, magoti yanamsumbua, na yeye ndiye hukaa kiti cha nyuma kila siku, basi nilimchukua. Katika magari haya betri hulazwa chini ya sakafu, kwa hiyo sakafu huinuka, na wakati huohuo paa huteremshwa ili upepo upite vizuri, na anayebanwa katikati ya hayo mawili ni mtu wa nyuma. Mama aliingia kwa shida, akakaa magoti yakiwa yamepanda juu karibu na kifua, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hiki kibao cha mbuzi wanakiuza kiasi gani?" Kijana hakujua Kiswahili, nasi hatukumfasiria.

Baadaye ndipo nilipojifunza kwamba watengenezaji wenyewe wanalitambua tatizo hili, na kwamba Porsche walipoitoa Taycan mwaka 2019 waliacha mashimo ndani ya mpangilio wa betri ili abiria wa nyuma apate pa kuteremshia miguu. Hatukununua Porsche. Tulichukua gari lenye paa lililoinuka, lisilo na uzuri wa lile la kwanza, na mama anaingia bila kushikwa mkono.

Mchangiaji kutoka Kigali

Kwetu sisi swali la kwanza ni mteremko. Nyumba yangu iko juu ya kilima, na muuzaji, kwa heshima, aliniletea gari nyumbani likiwa limechajiwa asilimia 100. Alikuwa amenieleza kwamba nikiachia pedali gari litajipunguza mwendo lenyewe na kurudisha umeme kwenye betri, hata nisiguse breki. Nikateremka nikiwa na imani hiyo, nikaachia, na gari likazidi kutiririka, nami nikakanyaga breki kwa nguvu nyingi kuliko ilivyohitajika mpaka muuzaji akashika dashibodi.

Sababu yake ni nyepesi ukishaijua: betri iliyojaa haina mahali pa kuupokea umeme unaorudi, kwa hiyo katika magari mengi nguvu ile ya kujizuia hupungua sana au hutoweka mpaka betri ishuke kidogo. Baada ya kilomita chache za kupanda na kushuka, gari lilianza kujizuia kama alivyonieleza. Anayekaa mlimani na kuchaji usiku nyumbani atakutana na hali hii kila asubuhi, na ni heri akutane nayo mara ya kwanza akiwa na muuzaji pembeni kuliko akiwa na watoto wa shule nyuma.

Niongeze kwamba ukimya unadanganya mguu. Nilidhani niko kwenye 50, kumbe nilikuwa nimeshapita 60, na hapa kwetu kamera za mwendo, ambazo tumezibatiza jina la Sofia, hazisikilizi maelezo.

Mchangiaji kutoka Dubai

Ndugu zangu, msimtishe mwenzetu. Mimi nilijaribu dakika kumi na tano tu kwenye Sheikh Zayed Road, nikasaini siku ileile, na huu ni mwaka wa tatu bila majuto yoyote. Jengo ninaloishi lina chaja chini kwenye maegesho, gari nilichukua jipya kwa wakala, na betri ina dhamana ya miaka 8.

Mwanzisha mada, Nairobi

Nakushukuru, kaka, lakini naona umekwishajibu. Chaja unayo chini ya nyumba na dhamana unayo mkononi. Mimi nina geti, soketi na risiti ya yadi.

Mchangiaji kutoka Dar es Salaam

Mimi gari langu sikuliendesha kabla ya kulinunua. Aliliendesha dada yangu anayeishi London, kwa kuwa magari ya kule yana usukani upande wetu, nami nilikuwa nikiagiza kutoka huko. Nilimpigia simu ya video akiwa ndani ya gari, asubuhi moja ya Januari, baridi ya nyuzi 2, akiwa na koti na glavu, na kwa muda wa saa moja tuligombana kama tulivyokuwa tukigombana utotoni, kwa sababu yeye alitaka kunionyesha kiti kinachokanda mgongo, nami nilitaka anionyeshe namba.

Namba zenyewe zilinikatisha tamaa. Kwenye barabara kuu gari lilitumia kilowati-saa 27 kwa kila kilomita 100, na nusura niliache. Dada ndiye aliyenikumbusha kwamba baridi huongeza matumizi, kwa sababu gari hulazimika kupasha joto chumba cha abiria na hata betri yenyewe. Hapa Dar, pamoja na kiyoyozi kinachofanya kazi kutwa, natumia kama 20. Kwa lugha ya LUKU, yaani umeme wetu wa kulipia kabla, ambao uniti moja ni kilowati-saa moja, kwenda Morogoro kunanigharimu uniti zisizofika 40.

Kosa langu lilikuwa jingine. Sikumwambia dada ahakikishe kwamba mwenye gari wa zamani amelifuta kwenye akaunti yake ya simu. Gari lilifika bandarini likiwa bado linamtambua mzungu mmoja kuwa ndiye mwenye mali, na ilichukua wiki sita za barua pepe kabla sijaweza hata kuangalia chaji yake kwa simu yangu. Ramani yake nayo inaijua kila njia ya Uingereza na inaichukulia Mbezi kuwa uwanja mtupu. Mambo hayo mawili yanaonekana kwa dakika tano gari likiwa limesimama, ukiwa na subira ya kuyafungua kwenye kioo mbele ya muuzaji.

Mwanzisha mada, Nairobi (mrejesho)

Ndugu zangu, natoa mrejesho. Baada ya kuwasoma nyote nilirudi yadi nikaomba nilale na gari nyumbani kwangu usiku mmoja. Muuzaji alikataa, nikaweka amana, akakubali kwa sharti kwamba atakuja nalo mwenyewe Jumapili alasiri na kukaa nami mpaka jioni.

Kilomita mbili za mwisho za kufika kwangu ni barabara ya vumbi. Gari lina shokomzoba za upepo, akaliinua kwa kubonyeza kitufe, na tukayavuka matuta yote matano bila kugusa, jambo lililomfanya anitazame kwa tabasamu la ushindi. Kisha tukafika getini. Mbele ya geti langu kuna mtaro, na juu yake niliweka zege lenye mgongo, ambalo gari langu la sasa hulipita bila kulifikiria. Hili ni refu. Magurudumu ya mbele yalipita, na kabla ya yale ya nyuma kupanda tukasikia sauti kama ya sufuria inayoburutwa sakafuni. Tulipiga magoti wote wawili tukamulika uvungu kwa simu: mkwaruzo wa urefu wa kiganja, kwenye plastiki inayoikinga betri, haukupenya.

Ndani tukachomeka ile chaja ya kawaida kwenye soketi ya gereji. Ilikuwa saa kumi alasiri, betri ikiwa na asilimia 20, na kioo kikaandika kwamba asilimia 80 itafikiwa kesho yake saa kumi na mbili jioni. Nilikuwa bado nahesabu saa hizo kwa vidole mke wangu alipowasha hita ya maji ya kuoga na nyumba nzima ikazimika.

Fundi umeme amekuja na kusema laini ya kuingia nyumbani inaweza kubeba chaja ya ukutani ya kilowati 7, ambayo ingemaliza kazi hiyo kwa kama saa nane za usiku, ila itabidi nibadilishe swichi kuu na kuvuta waya mnene hadi gereji. Fundi wa zege anakuja Jumatano kuukata ule mgongo wa getini. Gari limerudi yadi, amana yangu bado iko huko, na mimi na muuzaji hatujakubaliana ni nani atakayeulipia mkwaruzo.