Oscar, Cannes au kura za mashabiki: njia ipi inampata mshindi anayestahili?

Mzinga_wa_Picha (mwanzisha mada)

Wakuu, kila Oscar zikipita lawama ni zile zile: fulani kaonewa, filamu fulani imebebwa. Wachache sana wanauliza kura zenyewe zimehesabiwaje, wakati malalamiko mengi yanaanzia hapo hapo. Tulinganishe njia zinazotumika.

Kuna kura ya kawaida, aliyeongoza kashinda hata kwa kura moja. Oscar wanaitumia duru ya mwisho kwenye vipengele vyote isipokuwa Filamu Bora. Kuna kura ya kupanga, ambapo mpiga kura anazipanga filamu kuanzia namba 1 hadi 10. Hiyo ni ya Filamu Bora peke yake, tangu sherehe ya Machi 2010 walipotoka wateule 5 wakaenda 10. Halafu kuna jopo la majaji wachache, mtindo wa tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa. Mwisho kabisa kuna kura za mashabiki mtandaoni.

Msimamo wangu nauweka mapema: kura ya kupanga inampa ushindi asiye na maadui, si aliye bora. Ushahidi ni 2022. The Power of the Dog iliteuliwa mara 12 ikaondoka na tuzo moja tu, ya mwongozaji Jane Campion. CODA iliteuliwa mara 3, ikabeba zote 3, Filamu Bora ikiwemo.

HesabuZaKura

Mkuu, hiyo kauli ya "asiye na maadui" ni nusu sahihi. Tuhesabu kwa kura 100 na filamu nne tu ili isichoshe.

Namba 1 zikagawanyika hivi: A 34, B 28, C 22, D 16. Kwa kura ya kawaida A kashinda na watu waende nyumbani, ingawa wapiga kura 66 hawakumtaka awe wa kwanza. Kwa kura ya kupanga mshindi lazima avuke nusu ya kura. Hakuna aliyevuka, kwa hiyo wa mwisho, D, anaondolewa. Karatasi zake 16 hazitupwi. Kila moja inafunguliwa namba 2 na kuhamia huko: tuseme 10 zinakwenda B, 4 C, 2 A. Sasa A ana 36, B 38, C 26. Bado hakuna nusu. C anaondoka, na karatasi zake 26 zinagawanyika 18 kwa B na 8 kwa A. Mwisho B 56, A 44.

Aliyeongoza mwanzo kalala. Lakini mwangalie huyo B: alikuwa wa pili tangu mwanzo. Filamu ambayo kila mtu anaipenda kidogo na hakuna anayeiweka namba 1 inaondolewa raundi za mwanzo kabisa, kwa sababu namba 2 haisomwi mpaka namba 1 ife. Kwa hiyo lazima uwe na mashabiki wa kufa na kupona NA uwe unavumilika kwa waliobaki. Kimoja bila kingine hufiki.

KitiChaNyuma

Ina maana si pointi? Mitandaoni watu wanaeleza kwamba namba 1 inapata 10, namba 2 inapata 9, na kuendelea hadi 1.

HesabuZaKura

Hapana, hakuna pointi popote. Karatasi moja ni kura moja, na muda wowote ule imelala kwenye rundo la filamu moja tu. Ndiyo maana ule ushauri wa "mpinzani mweke namba 10 umkomoe" hauna maana mtu anayodhani. Filamu yako namba 1 ikiwa hai mpaka mwisho, namba 2 hadi 10 hazisomwi kabisa. Ukimweka mpinzani wa 2 au wa 10, kipenzi chako hakipungukiwi kitu.

Bahasha_ya_Tatu

Na mimi namrudia mwanzisha mada kwenye mfano wake wa 2022. Idadi ya kura za Oscar haitangazwi. Wanaojua ni wahesabuji wa PwC, kampuni ya uhasibu, na wao hawatoi. Sasa umejuaje kwamba CODA haikuongoza tangu raundi ya kwanza? Hujui, na sisi hatujui. Mtu akikwambia "ilishinda kwa namba 2" anabuni.

Kinachoweza kupimwa ni hiki: mara ngapi Filamu Bora na Mwongozaji Bora vimekwenda kwa filamu tofauti, kwa kuwa kimoja ni kura ya kupanga na kingine ni ya kawaida. Sherehe za 2010 hadi 2019 ni mara 5 kati ya 10: 2013, 2014, 2016, 2017 na 2019. Ya mwisho ndiyo ile Green Book ilibeba filamu na Alfonso Cuarón akabeba uongozaji kwa Roma. Kuanzia 2020 hadi 2025 ni mara moja tu kati ya 6, hiyo hiyo 2022. Parasite, Nomadland, Everything Everywhere All at Once, Oppenheimer, Anora zote zilibeba viwili. Oppenheimer ilikuwa na tuzo 7 usiku ule, Everything Everywhere 7 pia. Hizo si filamu za "sawa tu, haina neno".

Mzinga_wa_Picha

Hapo nakubali, mfano wa 2022 peke yake haushiki. Ila 5 kati ya 10 bado ni nyingi.

Fundi_Mikato

Wote mnabishana kuhusu Filamu Bora, na uozo wenyewe uko kwenye vipengele vya ufundi.

Uteuzi unafanywa na watu wa fani: wahariri wanateua wahariri, watu wa sauti wanateua sauti. Sawa kabisa. Duru ya mwisho, kila mwanachama wa Academy, chama kinachotoa Oscar, anaruhusiwa kupiga kura kwenye kila kipengele, na wanachama wenye kura ni kama 10,000. Mbunifu wa mavazi anaamua uhariri, mwigizaji anaamua sauti. Na hiyo ni kura ya kawaida, wateule 5. Fanyeni hesabu: kwenye kura 10,000 mtu anaweza kushinda kwa kura 2,001, wenzake watatu wakiwa na 2,000 na wa mwisho 1,999. Yaani asilimia 20 na senti.

Matokeo yake kura inakwenda kwenye kinachoonekana. Uhariri wenye mikato mingi, yaani kuruka toka picha moja kwenda nyingine, unaushinda uhariri mzuri. Kumbukeni 2019, Bohemian Rhapsody ilipopewa Uhariri Bora, halafu kipande cha watu wamekaa mezani wanaongea kikasambaa kila mahali: mkato juu ya mkato, sura inabadilika kabla mtu hajamaliza neno, na mikato mingine inakwenda kwa mtu ambaye hasemi wala hajibu. Mhariri akitazama kile kipande anauliza swali moja, kila mkato umeleta taarifa gani mpya? Mtu asiye wa fani anaona kasi, anaweka tiki. Kwa haki yake, filamu ile ilibadilishiwa mwongozaji katikati ya kazi, na kuunganisha vipande vya namna hiyo ni kazi ngumu isiyoonekana kwenye skrini. Lakini tuzo inasema uhariri bora, haisemi uokoaji bora.

Kwangu mimi, vipengele vya ufundi virudishwe kwa watu wa fani hadi duru ya mwisho.

Zulia_Jekundu

Wakirudishiwa watu wa fani utapata tatizo jingine, kujuana. Tawi moja wanafanya kazi pamoja miaka yote.

Dawa nyingine imeshaanza. Kuanzia sherehe ya 2026, mwanachama hapigi kura duru ya mwisho kwenye kipengele ambacho hajatazama wateule wote. Jukwaa lao la kutazamia linajua umefungua nini. Kama uliona filamu kwenye tamasha au ukumbini, unajaza fomu kusema uliionea wapi na lini. Tundu lipo wazi: mtu anaweza kuiacha filamu icheze chumba kingine akapika, na fomu nayo inategemea uaminifu wake. Ila ukiwa mvivu wa kutazama filamu 5, kipengele kile kinakufungia, na hilo linapunguza kura za mazoea.

Mzinga_wa_Picha

Na majaji wa Cannes mbona hamuwagusi? Watu tisa, wametazama kila kitu, wamekaa chumba kimoja wakabishana. Kwangu hiyo inazidi zote.

Bahasha_ya_Tatu

Inazidi kwa kazi moja na inapwaya kwa nyingine. Faida: hakuna kampeni ya miezi, na majaji wanaweza kugawa. Mwaka 2024 tuzo ya mwigizaji wa kike walipewa wanawake wanne wa Emilia Pérez kwa pamoja, kitu ambacho Oscar haiwezi kufanya kabisa. Hasara: wale tisa wanabadilika kila mwaka, kwa hiyo ladha inabadilika nao, na rais wa jopo ana uzito wake.

Halafu kuna jambo ambalo watazamaji wanalisahau wanapolalamika kwamba Cannes "wamemnyima" mwigizaji fulani. Kule wanapenda kutawanya. Mwaka 1991 Barton Fink ilibeba tatu kubwa kwa mpigo, Palme d'Or (tuzo kuu ya Cannes), uongozaji na mwigizaji wa kiume, na baada ya hapo masharti yakabanwa. Kwa hiyo mwigizaji wa filamu iliyopata Palme kukosa tuzo yake mara nyingi ni kanuni, hajazidiwa.

Na kwa wanaosema Cannes na Oscar ni mbingu na ardhi: Marty, Parasite na Anora zilibeba Palme d'Or na Filamu Bora zote mbili.

KitiChaNyuma

Kura za mashabiki je? Sisi ndio tunaonunua tiketi.

Zulia_Jekundu

Zilijaribiwa na Oscar 2022 kupitia Twitter, nje ya tuzo rasmi. Mtu mmoja aliruhusiwa kura hadi 20 kwa siku. Hapo ndipo ilipoharibika: ukimruhusu mtu kurudia, hupimi watu wangapi wameipenda filamu, unapima kundi lipi lina muda na mpangilio. Army of the Dead ikashinda kipenzi cha mashabiki, na tukio la kushangiliwa likaenda kwa Justice League ya Zack Snyder. Mwongozaji yule yule kote kuwili. Mashabiki wake wana nidhamu ya jeshi, hilo hawanyimwi.

Ukitaka kura za mashabiki zifae, weka kura moja kwa akaunti iliyothibitishwa, orodha fupi iwe tayari, na dirisha liwe la siku chache. Bila hayo usijisumbue.

Fundi_Mikato

Kabla hatujasahau, Golden Globes, tuzo nyingine za Marekani, nao wana njia yao ya kupunguza kilio: wanakata Filamu Bora vipande viwili, drama upande mmoja, muziki na vichekesho upande wa pili. Washindi wawili, manung'uniko nusu. Tatizo ni mpaka. Januari 2016 The Martian, hadithi ya mtu aliyeachwa peke yake sayari ya Mars, ilishinda kwenye muziki na vichekesho. Anayeamua kuipeleka wapi anatafuta foleni fupi tu.

HesabuZaKura

Foleni fupi ipo hata Oscar, kwenye mwigizaji mkuu na mwigizaji msaidizi. Studio inapendekeza, ila waigizaji wanachama wanaopiga kura ndio wanaoamua wakati wa kuteua, na kazi moja haiwezi kuteuliwa kote kuwili. Kate Winslet alifanyiwa kampeni ya msaidizi kwa The Reader, wapiga kura wakamweka mkuu na akashinda 2009. Mwaka 2021 ikawa kinyume: LaKeith Stanfield wa Judas and the Black Messiah alinadiwa kama mkuu, wakamteua msaidizi pamoja na Daniel Kaluuya wa filamu hiyo hiyo. Filamu ikabaki haina mwigizaji mkuu hata mmoja! Kaluuya akashinda.

KitiChaNyuma

Swali la mwisho. Kwenye kura ya kupanga, nikiandika filamu moja tu nikaacha tisa wazi, nimeipa nguvu zaidi?

HesabuZaKura

Hapana, umejitoa mwenyewe. Filamu yako ikiondolewa raundi ya tatu, karatasi yako haina pa kwenda, inawekwa pembeni, na nusu inahesabiwa kwa karatasi zilizobaki. Wengine wanaendelea kuamua bila wewe.

Mzinga_wa_Picha

Na sare ikitokea kwenye hizi za kawaida?

Bahasha_ya_Tatu

Wote wanapewa. Katharine Hepburn na Barbra Streisand 1969, na mwaka 2013 kwenye uhariri wa sauti, Skyfall na Zero Dark Thirty. Zamani hata sare kamili haikuhitajika. Mwaka 1932 Fredric March alimzidi Wallace Beery kwa kura moja, lakini kanuni ya wakati ule ilisema tofauti ndogo namna hiyo ni sare, Beery naye akaitwa kuchukua sanamu yake.