Jicho la mama linatoa machozi mwaka mzima, matone hayasaidii

MtotoWaKongwa
Wakuu habari za mchana, naomba mnisaidie maana mimi nimeishiwa mawazo. Mama yangu ana miaka 61, yuko kijijini Kongwa, jicho la kushoto linatoa machozi toka mwaka jana. Halii, yanatiririka tu yenyewe, akitoka kwenye jua au upepo ndo balaa, muda wote ameshika pindo la kanga anafuta mpaka ngozi ya chini ya jicho imechubuka. Anasema anahisi kama kuna mchanga ndani. Duka la dawa walimpa matone, akiweka anapata nafuu siku tatu nne, akiacha hali inarudi palepale, na hii sasa ni chupa ya tano. Juzi nimeenda kumsalimia nikamkuta kakaa mlangoni na kioo kidogo na kibano anang'oa kope, namuuliza ananiambia hizi ndo zinanichoma mwanangu, nikizitoa napumzika wiki mbili. Jirani anasema ni uzee, mwingine anasema akamuliwe maziwa ya mama anayenyonyesha. Je hii ni nini, na kuna matone makali zaidi ya haya?

Chande_Ilala
Pole sana mkuu. Mimi yalinikuta, kutwa niko kwenye kompyuta na feni inanipuliza usoni, macho yakawa yanamwaga maji mpaka wateja wananiuliza nimefiwa na nani. Daktari akaniambia macho yako ni makavu. Nikabishana naye kabisa, makavu vipi na machozi yote haya? Akanieleza jicho likikauka linaungua, sasa mwili unajitetea kwa kumwaga maji mengi kwa mkupuo lakini hayakai kwenye jicho, yanamwagika tu shavuni. Nikapewa machozi ya bandia, nikageuza feni, nikajizoesha kupepesa macho, mwezi haukuisha nikawa poa. Umri wa bi mkubwa macho kukauka ni kawaida, inawezekana ni hiyo.

NesiWaMacho
Chande uliyosema ni kweli kabisa, ila mtoa mada kuna neno umeliandika limenishtua, kibano. Naomba usinipite hapa.

Machozi kila siku yanatengenezwa na kila siku yanapitia kwenye vitundu viwili vidogo kona ya ndani ya jicho, karibu na pua, yanashuka mpaka puani, ndo maana mtu akilia na makamasi yanatoka. Kwahiyo machozi yakimwagika ni mawili, aidha njia imeziba au kuna kitu kinalichokoza jicho. Aleji, vumbi, moshi wa kuni, ukavu, kope la chini kulegea likageukia nje, vyote vinaleta. Lakini mtu mzima wa Kongwa, mchanga kwenye jicho, anang'oa kope akapata nafuu wiki mbili? Mimi hapo nawaza vikope kwanza, yaani trakoma. Dodoma na Manyara ugonjwa huu tunaujua miaka mingi. Ni bakteria, unaenezwa na mikono, nguo za kufutia uso na nzi wanaotua kwenye macho ya watoto wenye tongotongo. Mtu anaambukizwa utotoni mara nyingi, upande wa ndani wa kope la juu unabaki na makovu, miaka inapita makovu yanavuta kope linajikunja, nywele zinageukia ndani. Kila akipepesa zinakwangua kioo cha jicho. Mara elfu ngapi kwa siku hiyo? Kioo kikishapata kovu jeupe uoni wake hauwi wa kawaida tena, kwahiyo usikae nalo.

Kung'oa kunatuliza tu, nywele zinaota tena, na zikikatikia katikati kile kisiki kinachoma kuliko mwanzo. Dawa ya vidonge ya azithromycin inaua bakteria lakini nywele zilizogeuka haizirudishi. Tiba ni operesheni ndogo ya kope, anachomwa ganzi, wanaligeuza lirudi nje, na mara nyingi anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Hospitali ya Mvumi wana kitengo cha macho, iko mkoa huohuo wa Dodoma.

Maziwa ya mtu, mkojo, juisi ya majani, msiweke kabisa, nimeona macho yamepotea kwa hivyo vitu. Na hayo matone soma boksi, kama kuna neno dexamethasone au prednisolone hiyo ni steroid, inaondoa wekundu haraka ndo maana watu wanaipenda, ila ukiitumia muda mrefu inaweza kupandisha presha ya jicho kimyakimya na kuleta mtoto wa jicho. Asinunue nyingine.

MamaWawili
Nesi samahani nadandia hapohapo, mwanangu ana miezi minne, jicho moja linatoa machozi na asubuhi tongotongo limegandisha kope, ila jicho lenyewe ni jeupe wala hasumbuki.

NesiWaMacho
Dada hiyo kwa watoto mara nyingi ni njia ya machozi haijafunguka vizuri. Osha mikono, kata kucha, weka kidole kona ya jicho pale kwenye pua, bonyeza taratibu huku unashusha chini, mara kumi, ufanye mara tatu nne kwa siku. Wengi inafunguka yenyewe kabla ya mwaka. Lakini ukiona anakimbia mwanga, au jicho linaonekana kubwa kuliko lenzake, au kioo kina ukungu, usisubiri hata kesho, hiyo inaweza kuwa presha ya macho ya kuzaliwa nayo. Na kichanga wa chini ya mwezi mmoja akitoa usaha machoni ni hospitali siku hiyohiyo.

MtotoWaKongwa
Nimerudi. Nimempigia mdogo wangu yuko na mama, nikamwambia ammulike na tochi ya simu kwa pembeni. Nywele nne zimeingia ndani kabisa, moja imelala juu ya mboni. Na boksi la matone limeandikwa dexamethasone, chupa zote tano ni hiyohiyo. Nimekaa kimya nusu saa nzima. Jumatatu nampeleka Mvumi. Nesi, presha ya jicho wanaipima siku hiyohiyo?

NesiWaMacho
Ndio wanapima, ni dakika chache tu. Nenda na ile chupa waione, na mama asing'oe nywele mpaka wamwone, wanatakiwa kuzikuta zilivyo.